Majivu ya nini? Barua ya wazi kwa wakurugenzi na maafisa utamaduni wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, na ninyi Maafisa Utamaduni ambao ofisi zenu kwa kawaida ndizo za mwisho kwenye korido, jirani na stoo,

Kamwene. Kwa mlio upande wa kwetu Rungwe na Kyela, mugonile.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Rungwe, nikaolewa Mufindi, na sasa nazeekea Iringa mjini. Nimeshika chaki miaka 34 katika wilaya tatu za nyanda hizi, na jambo ninalowaandikia limenikaa kooni tangu 2010.

Mwaka 2008, nikiwa katika mojawapo ya wilaya hizo (sitaitaja, waliokuwepo wanajijua), lilikuja agizo kwamba wanafunzi wa darasa la tano na la sita wakawaulize bibi na babu zao, kisha kila mmoja aandike chakula kimoja cha asili, hadithi moja na methali tano. Maagizo ya namna hiyo huja mengi na huwa tunayajibu ili yaishe. Lile halikuisha upesi. Watoto walirudi na madaftari yamejaa. Mvulana mmoja aliandika kwamba bibi yake hafunui chungu cha maharage hata mara moja: yakikaribia kuiva chungu hubadilisha mlio, naye anasikia akiwa uani. Mwingine alileta hadithi ya Sungura na Fisi ambamo Fisi anashinda, jambo ambalo sijapata kulisikia kwingine. Yalikuwa madaftari 41. Niliyasoma yote, nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndio ugonjwa wetu walimu, nikayafunga kwa kamba, yakaenda ofisini kwa pikipiki.

Miaka miwili baadaye nilikuwa stendi nasubiri basi, nikanunua karanga za kukaanga za shilingi 100. Nimezila hadi nusu, macho yakaangukia kwenye karatasi. Kalamu nyekundu. "Vizuri sana," imeandikwa pembeni, na mwandiko ni wangu.

Nilimuuliza kijana muuzaji karatasi anatoa wapi. Akasema mama yake hununua kwa kilo, kwa mtu aliyeondoa makorokoro ya stoo ofisi ilipohama. Alinionyesha zilizobaki. Nyingine zilikuwa za hesabu. Nilitoka na ukurasa ule mmoja wenye mafuta, nao ninao mpaka leo ndani ya Biblia. Unaeleza jinsi ya kupika kande. Mstari wake wa mwisho, pale kisu kilipopita, unasema: "halafu bibi anachukua majivu ya"

Majivu ya nini?

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Ngoja niwaeleze kwa nini si dogo. Kande za mahindi makavu na maharage hukaa motoni muda mrefu sana, na mwenye kuni ndiye anayejua machungu yake. Kabla ya magadi ya dukani, wapishi wetu walikuwa wanatengeneza ya kwao. Unachoma mabaki ya mmea fulani, majivu unayaweka kwenye chombo kilichotobolewa matundu chini, unamimina maji taratibu, na yanayodondoka yana rangi ya chai. Kiasi kidogo cha maji hayo hulainisha maganda ya punje na kupunguza muda wa kupika. Ukizidisha, chakula kinakuwa na ladha ya sabuni na familia inakukumbuka kwa hilo. Sasa, majivu hayafanani. Kuna wanaochoma maganda ya maharage, kuna wanaochoma ya ndizi, na kila moja lina ukali wake na kipimo chake. Bibi yule alikuwa na jibu lake, ambalo bila shaka lilitokana na kilichoota kwenye kilima kile na mikono iliyojaribu na kukosea kabla yake. Jibu liliandikwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja. Tulikuwa nalo. Tukalifungia karanga.

Nilimtafuta aliyeandika. Ni mama sasa, anauza nguo Tunduma. Alicheka, kisha akanyamaza. "Mwalimu, hata sikumbuki kama niliandika. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili."

Ninachowaomba ni hiki: kabla ya kujenga jukwaa jingine la utamaduni, andikeni. Rekodini. Tunzeni mlichorekodi mahali ambapo mjukuu wa mwenye nacho anaweza kukisikiliza bila kupanda ndege.

Sina ugomvi na ngoma. Mwenge ukipita tunacheza, na kila Agosti kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, kuna banda la vyakula vya asili lenye kinu, vibuyu, ungo na sahani ya magimbi yenye kikaratasi kilichoandikwa "magimbi". Wageni wanapiga picha. Tarehe tisa banda linavunjwa, kinu kinarudi kilikoazimwa, na ukimuuliza afisa mwaka ujao magimbi yale yalilimwa na nani, yalipikwaje, na kwa nini kwao yanaliwa hivi na kijiji cha pili vile, hana hata mstari mmoja. Maonyesho yanatuonyesha kwamba kitu kipo. Namna kinavyofanyika haikai kwenye meza ya maonyesho.

Chukueni ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi. Niliolewa Mufindi bila kuujua, maana kwetu Rungwe ni nchi ya ndizi. Baba mkwe alikuwa mgemaji. Masika yakianza, machipukizi ya mianzi yanapotoka, anachagua chipukizi, analikata kichwa, anatundika mbeta (kile chombo cha pingili ya mwanzi) na kukifunika wadudu wasiingie. Asubuhi na jioni anarudi kukata kipande chembamba kama kucha ili kidonda kiendelee kutoa utomvu. Kisu kikiwa butu, chipukizi linaoza. Ukikata kipande kinene, unalimaliza mapema. Nilimwuliza mara moja, kwa heshima zote, wembamba huo ni kiasi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kupumua ni kiasi gani, akasema, "Mpaka kisu kisisikie." Nimeandika maneno hayo kwenye daftari langu na bado siyaelewi sawasawa. Nilipaswa kumpiga picha ya mkono.

Ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, mtamu. Ukilala, unakuwa mkangafu, na huo una adabu zake: nani anaanza kuonja, mgeni anakaa wapi, unaachia wapi kabla ya kuanza kuimba. Mama mkwe alikuwa anatumia uliochacha badala ya hamira, na maandazi yake yalikuwa na uchachu fulani ambao wanangu, watu wazima sasa, wanautafuta kila wanapokula maandazi ya mjini na hawajaupata. Mianzi ile imeng'olewa. Shamba ni la misindano siku hizi, na la jirani ni la maparachichi ya Hass, yanayolipa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe karo ya mwanangu wa mwisho ilitoka kwenye mbao. Ila mtu aking'oa mianzi ang'oe akijua kwamba kuna elimu anaing'oa nayo, na mtu mwingine awe ameshaiandika.

Hapa niseme neno kuhusu mwaka wa fedha, kwa sababu ninyi ndio mnaoushika. Niliwahi kuona ziara ya "kukusanya taarifa za vinywaji vya asili" ikifanyika wiki ya mwisho ya Juni, kwa kuwa fungu lazima litumike kabla ya tarehe 30. Juni hakuna ulanzi. Watu wanne na dereva walizunguka vijiji vitatu wakiuliza habari za kitu ambacho msimu wake umekwisha, wakasaini posho, wakaondoka. Wazee waliwahurumia, wakawasimulia. Posho hiyo, kwa taarifa yenu, mzee msimuliaji hakuigusa.

Mtaniuliza nani atafanya kazi hii. Nawajibu kwa mfano wa majirani. Kenya walianza 2007 kazi ya kuhifadhi vyakula vya asili, na walipoorodhesha vya Waisukha wa magharibi na Wapokoti waliwaingiza wanafunzi wa shule za msingi kwenye kazi hiyo. Ndiyo, wanafunzi wa shule za msingi, kama wangu. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mpango ule kwenye rejesta yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi usioshikika, yaani mila na ujuzi. Na hapo ng'ambo ya mto Songwe, ukivuka tu Kasumulu, Malawi waliingiza nsima kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017. Nsima ni ugali, jamani. Ugali! Walichofanya wenzetu ni kukaa chini na kueleza: mahindi yanatwangwaje, nani anasonga, watoto wanafundishwa nini wakiwa wamezunguka sahani moja. Tanzania imeridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi huo tangu 2011, na mkataba unataka kila nchi iorodheshe urithi ulio ndani ya mipaka yake kwa kuzishirikisha jamii zenyewe. Orodha ya kata yako iko wapi, Mkurugenzi? Naomba niione.

Msidhani kwamba hakuna aliyewahi kuandika. Wapo walioandika, ila hawakuandikia hapa. Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi kwetu Unyakyusa wakijaza daftari baada ya daftari: misiba, mazao, vijiji vya rika, nani anakula na nani. Waliweza kwa sababu ya Wanyakyusa waliofanya nao kazi, akiwemo karani Leonard Mwaisumo, ambaye jina lake sijalisikia likitajwa katika sherehe yoyote ya utamaduni niliyohudhuria. Nyaraka zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Zinatunzwa katika makasha, kwa utaratibu. Maneno ya bibi zangu yako kilomita elfu kadhaa kusini mwa kaburi lao, na mtoto wa Tukuyu akiyataka aombe ruhusa kwa barua pepe ya Kiingereza. Ombi moja rahisi kwenu: halmashauri za Rungwe, Busokelo na Kyela ziandike pamoja kuomba nakala. Nakala tu. Vyuo hukubali maombi ya namna hiyo, na hata wakikataa mtakuwa mmeuliza.

Iringa tunayo kumbukumbu ya jambo la aina hii. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliondoka mwaka 1898 na kurudi Kalenga 1954. Katikati hapo, Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe. Fuvu lilidaiwa kwa sababu lilikuwa linajulikana: la nani, lilichukuliwa lini, na nani. Huwezi kudai kitu ambacho hukuwahi kukiandika kwamba ulikuwa nacho.

Au tuzungumzie kinaka, wengine wanaiita kikande. Wenyeji wa Makete wanaielewa lugha hii. Ni viazi vya maua ya porini, maokidi, vinavyochimbwa nyanda za juu na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako huvitwanga, huvichanganya na unga wa karanga na magadi, na kupika kitu kama mkate mgumu wanaouita chikanda. Ukichimba kiazi, ua ndilo limekwisha. Biashara hiyo ilikua mpaka watafiti wakapiga kelele, na mwaka 2005 Kitulo, ile "Bustani ya Mungu", ikawa hifadhi ya taifa. Vizuri. Lakini nilichogundua nilipouliza ni kwamba kila mtu anajua bei ya debe, na hakuna aliyewahi kumkalisha mzee wa Makete akamuuliza: ninyi zamani mlivila? Lini? Nani alikatazwa kuchimba, na mahali gani palikuwa hapachimbwi? Pengine majibu yake yangemfaa askari wa hifadhi kuliko bango. Pengine yasingemfaa. Hatujui kwa sababu hatukuuliza, na wale wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Kuna anayesema hadithi za wazee ni hadithi tu. Huyo nimkumbushe kipunji. Utotoni mama alikuwa analitaja jina hilo tukichelewa kurudi kutoka mtoni, na mimi nilidhani ni kitu cha kutishia watoto, kama vile vingine visivyoonekana. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wanazungumza na Wanyakyusa wa kuzunguka Mlima Rungwe, wakasikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Na wao hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni masimulizi. Wakamfuata msituni, wakamwona. Alitangazwa duniani 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika baada ya miaka 83. Wanasayansi walimgundua. Mama yangu alikuwa anamtumia kutufanya tuwahi nyumbani.

Sitawaficha ugumu wake. Vyakula vya asili vinasifiwa siku hizi kama dawa ya kila kitu, na mimi sisifii hivyo. Mikoa yetu inalisha nchi mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Iringa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe karibu 50, wakati wastani wa taifa ni 30. Aibu hiyo ni yetu sote. Kwa hiyo tunapoandika tuandike na yasiyotupendeza: mjamzito kukatazwa mayai, mtoto kulainishiwa uji mpaka unakuwa maji, mtoto kuonjeshwa ulanzi ili alale mama akalime. Afisa lishe anayejua nyumba fulani inalisha nini saa ngapi, na kwa sababu gani, atasema na mama yule lugha inayosikika. Akija na bango la makundi ya vyakula peke yake, mama ataitikia "ndiyo" na kurudi jikoni kwake kama alivyotoka. Na katika madaftari hayohayo atakuta pia vitu vya kumsaidia: mboga za mwituni za kila mwezi, kunde na mbegu za maboga zilizosagwa, ulezi ambao mahindi yameusukuma pembeni.

Mbegu zetu angalau zina pa kulala. Nchi ina hifadhi ya nasaba za mimea Arusha, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, wamefanya kazi kubwa ya maharage. Mbegu ya maharage unaweza kuigandisha miaka ukaja kuipanda. Mkono unaojua kwamba aina hii ni ya kande, ile ni ya mchuzi, na hii nyingine usimpikie mgeni kwa sababu inachafua mchuzi, huo haugandishwi.

Sasa kazi yenyewe. Haihitaji jumba. Iringa tuna Boma, jengo zuri la enzi za Wajerumani ambalo leo ni makumbusho, nami huwapeleka wajukuu. Tukianza kwa majengo tutakaa miaka kumi tukisubiri mkandarasi, na katika miaka kumi hiyo nitazika marafiki zangu wengi. Anzeni na madaftari magumu ya kaunta na simu yenye nafasi ya kutosha. Kata moja, mwalimu mmoja anayependa, vijana wawili. Chuo cha Mkwawa hapa Iringa kina wanafunzi wa ualimu wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka, Mbeya kuna vyuo vingi tu. Wapeni mada hizi na barua ya utambulisho, maana kinachowashinda mara nyingi ni barua ya utambulisho.

Warekodi kwanza kwa lugha ya msimuliaji. Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kikinga, Kisafwa, Kinyiha, Kikisi. Tafsiri ya Kiswahili ije baadaye. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimekipenda maisha yangu yote, lakini kuna kitendo cha kugeuza ndizi kwenye chungu ambacho kwa Kinyakyusa kina neno moja, na kwa Kiswahili nimekizunguka kwa sentensi mbili bila kukifikia. Ukimlazimisha bibi aseme Kiswahili, anakupa kile anachodhani unakitaka, anakipunguza, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwa soda badala ya kile anachokunywa mwenyewe. Redio zetu za jamii nazo zimefungwa kwenye Kiswahili na Kiingereza na kanuni za utangazaji. Ninyi mnaweza kuomba kibali cha saa moja kwa wiki ya masimulizi ya wazee. Ombeni.

Warekodi kitu kikiwa msimu wake. Ulanzi masika. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakati mitumbwi inarudi imejaa. Vyungu vya Wakisi vifuateni Ikombe kwa mtumbwi kutoka Matema, mwone wanawake wanavyofinyanga bila gurudumu, kazi kubwa ikiwa ni ya mkono. Msiwaite ukumbini mjini kuja "kuonyesha". Chungu hakichomwi ukumbini. Na kata zenye vinyungu, bustani za mabondeni, nendeni mabondeni kiangazi: tangu sheria ya mazingira ya 2004 ilipokataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji, kuna familia zilizoacha, na mahindi mabichi ya Septemba yaliyokuwa yanaliwa pale yameondoka na nyimbo zake. Sipingi kulinda maji. Nasema andikeni habari za aliyeacha.

Kuhusu malipo nitakuwa mkali kidogo. Mzee anayetoa asubuhi yake nzima, alipwe. Si sabuni na kilo ya sukari, alipwe kama mnavyomlipa mwezeshaji wa semina, kwa sababu ndiye mwezeshaji. Jina lake liandikwe juu ya kazi kama anataka, na lisiandikwe kama hataki. Aulizwe kabla, asikilizishwe baada, na akisema "hapo futa," pafutwe mbele yake. Kuna mambo ya matambiko na ya unyago ambayo hayatakiwi kuandikwa kabisa, na kuna mizizi ambayo mwenye nayo akiitaja leo, kesho kiwanda fulani kinaifunga kwenye chupa. Daftari liwe na mlango. Mwenye ufunguo awe kijiji.

Nakala tatu: moja kwa familia, moja shuleni au ofisi ya kata, moja maktaba ya mkoa, Iringa na Mbeya zipo. Nasisitiza tatu kwa sababu najua stoo zenu.

Fedha? Kaeni na mhasibu mwulizane hema, viti vya plastiki na spika za sherehe moja ya utamaduni viligharimu kiasi gani mwaka jana. Kwa kiasi hicho kata kadhaa zingepata madaftari, simu na posho ya wazee kwa mwaka mzima, mkabakiwa na chai.

Na kuhusu watoto "kutotaka mambo ya kizamani", jambo ambalo nimelisikia kwenye vikao mpaka limenichosha: watoto wangu 41 walitaka. Mmoja alitembea mpaka kijiji cha tatu kwa sababu bibi yake alikuwa kaolewa huko upya, akarudi jioni na methali saba badala ya tano. Waliochoka tulikuwa watu wazima. Kuna mambo mengi vijana wanatucheka kwayo, likiwemo lile la eti tunakula mbwa, ambalo kila mtu wa Iringa anaulizwa akivuka Mikumi, nasi tunacheka na watani wetu yanaisha. Lakini mwulize anayetania kama anaijua mboga hata moja ya Kihehe kwa jina lake. Tumemwachia utani tu kwa sababu hatukumwandikia kingine.

Nimemaliza ninachojua. Mwezi Agosti, Mungu akipenda, nitakuwa Mbeya kwenye Nane Nane, banda la vyakula vya asili, nimevaa kitenge cha bluu. Ukurasa wangu nitakuja nao, nimeuweka kwenye mfuko wa nailoni usizidi kuliwa na mafuta. Kama kati yenu, au kati ya mama zenu, au kati ya wapishi mtakaowaleta, yupo anayepika kande kwa majivu, anitafute aniambie ya kwao huchomwa nini. Nitakuwa na kalamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Iringa